Mtungi wa gesi umefika Kigoma, lakini usiku unalala wapi?

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KAMPENI ya nishati safi ya kupikia imeufikisha mtungi wa gesi katika nyumba nyingi za Mkoa wa Kigoma ambazo miaka michache iliyopita hazikujua jiko jingine zaidi ya kuni na mkaa. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo halijapewa uzito unaostahili katika mikutano ya hadhara wala katika matangazo ya redio: baada ya chakula kuiva, mtungi huo unawekwa wapi?

Kwa mwenye nyumba yenye jiko la pekee na ua uliozungushiwa ukuta, swali hili halina ugumu. Kwa mpangaji wa chumba kimoja pale Mwanga, Gungu, Katubuka au Ujiji, ambaye chumba hicho ndicho sebule, ghala na mahali pa kulala watoto, jibu huwa ni moja tu. Mtungi unaingizwa chumbani, kando ya kitanda au chini yake, na mlango unafungwa hadi alfajiri.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo mji huu, na miji mingine ya nchi yetu, haijaizungumza kwa uwazi.

Si nia ya uchambuzi huu kuwatisha wananchi ili warudi kwenye mkaa. Serikali imekuwa ikieleza kuwa Watanzania zaidi ya 33,000 hupoteza maisha kila mwaka kutokana na maradhi yanayohusishwa na moshi wa kuni na mkaa. Misitu nayo inateketea, na mwanamke anayetembea saa kadhaa kutafuta kuni anajua gharama yake kuliko mtaalamu yeyote. Gesi ni hatua ya mbele. Lakini hatua hiyo ina masharti yake, na sharti la kwanza ni mahali pa kuuhifadhi mtungi.

Kasi ya kampeni

Novemba 2022 ulifanyika jijini Dar es Salaam mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia. Miezi 18 baadaye, Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Wiki hiyohiyo iliyofuata, Mei 14, Rais alikuwa Paris, Ufaransa, akiwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako zilitolewa ahadi za Dola za Marekani bilioni 2.2.

Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, zikiwamo shule na magereza, zilikuwa zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) nao wakaandaa mpango wa kuuza kwa bei ya ruzuku mitungi ya kilo 6 ipatayo 452,445 nchi nzima, kwa mgawo wa mitungi 3,255 kila wilaya. Kwa hesabu hiyo, wilaya sita za Mkoa wa Kigoma, yaani Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza, zinapata mitungi 19,530.

Ukiongeza mitungi inayouzwa madukani na ile inayogawiwa na viongozi katika shughuli za kijamii na za kisiasa, utaona kwamba kazi ya kufikisha mitungi inakwenda kwa kasi. Katika taarifa zinazotolewa kila mara, mafanikio hupimwa kwa idadi ya mitungi iliyouzwa au kugawiwa. Taarifa hizo hazisemi ni kaya ngapi kati ya hizo zina mahali salama pa kuuweka.

Gesi hii haipandi juu

Wapo wananchi wanaodhani kwamba gesi ya mtungini ndiyo ileile inayochimbwa Songosongo na Mtwara. Si hivyo. Gesi asilia ya Songosongo, ambayo imekuwa ikizalisha umeme tangu mwaka 2004, kwa sehemu kubwa ni methani, na methani ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda juu na kutoka kwa urahisi penye dirisha au tundu la juu.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani unaoagizwa kutoka nje na kushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Tanga kabla ya kusafirishwa mikoani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, mara 1.5 hadi 2. Ikivuja haipandi, inashuka. Hutambaa sakafuni, huingia chini ya kitanda, hujaa kwenye mashimo na mifereji, na hufuata mteremko kama maji ya mvua yanavyoshuka kutoka Mwanga kuelekea ziwani.

Tofauti hii ndiyo msingi wa ushauri wote wa usalama, na ndiyo isiyofahamika kwa wengi. Mtu anayelala na mtungi chumbani hujifariji kwamba dirisha liko wazi. Lakini dirisha la nyumba zetu liko usawa wa kifua au juu zaidi, na gesi iko usawa wa kifundo cha mguu. Uwazi unaoweza kumwokoa ni ule ulioko chini ya mlango, na uwazi huo ndio watu huuziba kwa kitambaa ili kuzuia vumbi, mbu na panya.

Ndani ya mtungi gesi imegandamizwa hadi kuwa kimiminika. Lita 1 ya kimiminika hicho ikitoka nje hugeuka kuwa takribani lita 250 za gesi. Na haihitaji kujaa chumba kizima ndipo iwake. Hewa ikiwa na gesi kiasi cha asilimia 2 hivi, cheche ndogo inatosha.

Tufanye hesabu ya chumba cha kawaida cha kupanga, futi 10 kwa futi 10, chenye kimo cha futi 9. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 25. Kilo 1 ya gesi ikivuja hutoa karibu nusu mita ya ujazo, ambayo ni asilimia 2 ya chumba hicho. Kwa maneno mengine, moja ya sita ya mtungi mdogo wa kilo 6 inatosha kukifikisha chumba chote kwenye kiwango cha kuwaka. Na kwa kuwa gesi haienei sawasawa bali hukusanyika chini, sakafu hufikia kiwango hicho mapema zaidi, hata kabla kilo hiyo moja haijamalizika.

Ni muhimu pia kuelewa kwamba mtungi wenyewe haulipuki kwa urahisi. Umetengenezwa kwa chuma kinachohimili shinikizo kubwa, na haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi ili kimiminika kipate pa kutanukia kinapopata joto. Mara nyingi kinacholipuka ni chumba kilichojaa gesi iliyovuja kidogokidogo kupitia mpira uliochakaa, kifungio kisichokazwa au vali iliyoachwa wazi.

Watengenezaji huweka kwenye gesi hiyo dawa yenye harufu mbaya, kama ya kabichi iliyooza, ili ikivuja itambulike. Lakini aliyelala usingizi hanusi. Na hata aliye macho, pua yake ikikaa na harufu kwa muda huizoea na kuacha kuitambua. Kwa hiyo mlinzi huyo mmoja tuliyepewa hafanyi kazi saa zilezile ambazo mtungi uko karibu nasi zaidi.

Kwa nini mtungi huingizwa chumbani

Itakuwa ni kuwaonea wananchi kusema kwamba wanalala na mitungi kwa sababu ya ujinga. Ziko sababu za msingi, na asiyezijua hawezi kutoa ushauri unaotekelezeka.

Sababu ya kwanza ni wizi. Mtungi ni mali. Ukiwa mtupu una thamani, ukiwa umejaa una thamani zaidi, na una soko la haraka kwa sababu mtungi wa kampuni moja unafanana na mwingine wa kampuni hiyohiyo. Jiko la mkaa liliweza kulala barazani hadi asubuhi bila kuguswa. Mtungi ukiachwa nje usiku, mpangaji hana hakika ya kuukuta.

Sababu ya pili ni muundo wa nyumba. Nyumba nyingi za zamani za Ujiji zimejengwa kwa mtindo wa Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma ua wenye jiko na choo. Kwa kupikia gesi, muundo huo ni mzuri kuliko tunavyofikiri, kwa sababu ua uko wazi na upepo unapita. Tatizo ni kwamba nyumba iliyokusudiwa familia moja sasa ina wapangaji wanne au sita, kila mmoja na mtungi wake. Ua umekuwa wa wote, na kitu cha wote hakina mlinzi.

Nyumba mpya zinazoota pembezoni mwa manispaa nazo zina tatizo la aina yake. Nyingi ni safu za vyumba vya kupangisha vilivyopangwa mgongo kwa mgongo, vikiwa na dirisha upande mmoja tu na bila jiko kabisa. Mjenzi alidhani mpangaji atapika nje kwa mkaa. Mkaa una moshi, na moshi ulimlazimisha mtu kutoka nje. Gesi haina moshi, kwa hiyo imemruhusu mpangaji kuingia na jiko ndani, katika chumba ambacho hakikujengwa kwa ajili hiyo.

Sababu ya tatu, ambayo wataalamu huisahau, ni aina ya jiko lenyewe. Ushauri unaorudiwa siku zote ni kwamba mtungi ukae nje na mpira upitishwe ukutani hadi kwenye jiko lililo ndani. Ushauri huo unamfaa mwenye mtungi wa kilo 15 na jiko la mezani. Lakini mtungi wa kilo 6 ambao kaya nyingi huanza nao huja na kichomeo na kikalio cha sufuria vinavyofungwa juu ya mtungi wenyewe. Hapo hakuna mpira wala ukuta. Unapopikia ndipo mtungi ulipo.

Kwa hiyo mwananchi wa kipato cha chini, ambaye ndiye mlengwa mkuu wa ruzuku, amepewa kifaa ambacho ushauri wa kawaida wa usalama haumhusu.

Mkaa na gesi chini ya paa moja

Kuna jambo jingine linaloongeza hatari. Kaya nyingi zilizonunua gesi hazijaacha mkaa. Gesi hutumika kwa chai, mayai na kupasha chakula. Maharage, ambayo ni chakula kikuu katika mkoa huu, na ambayo huchukua saa kadhaa jikoni, bado hupikwa kwa mkaa au kuni ili gesi isiishe mapema. Dagaa na mgebuka hukaangwa kwa mawese popote moto ulipo.

Matokeo yake ni kwamba moto wa wazi na mtungi hukaa pamoja katika kibanda kimoja au korido moja. Joto la jiko la mkaa likielekezwa kwenye mtungi huongeza shinikizo ndani yake. Na kama mtungi unavuja, makaa yaliyo chini sakafuni ndiyo yanayokutana na gesi kwanza.

Usiku vyanzo vya moto havimaliziki. Umeme ukikatika huwashwa mshumaa au kibatari. Huwashwa pia kiberiti cha kuchomea dawa ya mbu, ambayo mahali pake pa kawaida ni sakafuni. Hata swichi ya taa na jokofu linalojiwasha lenyewe hutoa cheche ambazo jicho halizioni.

Madukani na ziwani

Hifadhi ya nyumbani haiwezi kutenganishwa na ya dukani, kwa sababu maduka mengi ya mitaani ni sehemu ya nyumba za watu. Fremu iko mbele, familia inalala nyuma. Mwuzaji anayepanga mitungi ndani ya fremu hiyo pamoja na gunia la mkaa na dumu la petroli ya bodaboda, kisha akafunga mlango wa chuma usiku, amewaweka watoto wake na majirani zake katika hatari kubwa kuliko ya mtungi mmoja wa chumbani.

Tena mitungi mitupu huhesabiwa kuwa haina madhara. Mtungi unaoitwa mtupu bado una mabaki ya gesi ndani, na ukiachwa vali wazi hutoa gesi hiyo taratibu. Unapaswa kufungwa na kusimamishwa mahali penye hewa sawa na ule uliojaa.

Usafirishaji nao una yake. Mtungi hupelekwa nyumbani kwa bodaboda, mara nyingi ukiwa umelazwa. Mtungi umetengenezwa kusimama. Ukilala, kinachofika kwenye vali ni kimiminika badala ya mvuke, na kikivuja hutoka gesi nyingi mno kwa muda mfupi.

Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hali ni ya kipekee. Vijiji kama Mwamgongo na Kagunga upande wa kaskazini, au Sigunga, Buhingu na Kalya upande wa kusini, kwa miaka mingi vimetegemea boti kwa bidhaa nyingi. Mtungi wa gesi unaokwenda huko kwa maji husafiri na abiria, magunia na madumu ya mafuta ya injini.

Boti la mbao ni kama beseni. Gesi ikivuja ndani yake haina pa kutokea. Hujikusanya chini ya mbao za kukanyagia, palepale yanapokusanyika maji na mafuta yaliyomwagika. Akitokea mtu wa kuwasha sigara, hakuna mlango wa kukimbilia. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo lina jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini, lingefanya jambo la maana kuweka utaratibu unaoeleweka katika mwalo wa Kibirizi: mitungi ipakiwe sehemu ya wazi, ikiwa imesimama na kufungwa kamba, mbali na injini na mbali na abiria.

Somo kutoka Embakasi

Wapo watakaosema kwamba mji wa Kigoma haujashuhudia maafa makubwa ya gesi, hivyo haya ni maneno ya kutia hofu. Wakazi wa mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, nao waliishi jirani na mitungi bila kujua ukubwa wa hatari hadi usiku wa Februari 1, 2024. Lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujazia kilichokuwa kikiendeshwa kinyume cha sheria katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walipoteza maisha, zaidi ya 200 walijeruhiwa, na nyumba na magari yakateketea.

Baada ya tukio hilo mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilieleza kwamba ilikuwa imekwisha kuyakataa maombi ya kujenga kituo mahali hapo mwaka 2023, si mara moja. Hatari ilikuwa inajulikana kwenye mafaili. Aliyekuwa haijui ni mkazi aliyelala nyumba ya jirani.

Tofauti kati ya lori la Embakasi na mtungi wa kilo 6 wa Ujiji ni kubwa, na si haki kuvilinganisha kwa ukubwa. Lakini udhaifu uliovizaa ni wa namna moja: gesi imetangulia kufika katika makazi, usimamizi unakuja nyuma.

Nani awajibike?

Kwa sheria zilivyo, mnyororo wa gesi una wasimamizi wengi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutoa leseni za biashara hiyo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ubora wa mitungi na vifaa vyake. Wakala wa Vipimo huangalia uzito. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria ya mwaka 2007, lina jukumu la kuzuia na kuzima moto.

Wasimamizi wote hao hukutana na mtungi kiwandani, ghalani au dukani. Ukishavuka kizingiti cha mlango wa mpangaji, hakuna anayeufuata. Kuanzia hapo usalama unaachwa kwa mtu aliyepewa maelezo ya dakika mbili, au asiyepewa kabisa.

India ilipata kupita njia hii. Mei 2016 nchi hiyo ilianza mpango wa Ujjwala wa kuwapatia gesi wanawake wa kaya maskini, na ilipofika Septemba 2019 ilikuwa imeunganisha kaya milioni 80. Katika mpango huo, kupata gesi kulihusisha zaidi ya kukabidhiwa mtungi. Wakala alipaswa kufika nyumbani, kufunga jiko na kumwonyesha mwenye nyumba namna ya kulitumia, na iliandaliwa mikutano ya vijijini ambako wanawake walifundishana. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, ikiwamo ya kaya kushindwa kumudu kujaza upya, lakini kanuni ya wakala kufika hadi jikoni ni ya kuigwa.

Hapa kwetu jambo hilo halihitaji fedha za wafadhili. REA inaweza kuweka katika mikataba yake na kampuni za gesi sharti kwamba kila mtungi wa ruzuku uambatane na mafunzo ya vitendo kwa mnunuzi, na kwamba kampuni itoe taarifa ya kaya zilizofunzwa kama inavyotoa taarifa ya mitungi iliyouzwa. Kinachohesabiwa ndicho kinachofanyika.

Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji nayo ina nafasi yake. Ramani za nyumba za kupangisha hupita mezani kwake kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa. Ikiwa nyumba ya vyumba vinane inatakiwa kuonyesha choo, kuna ugumu gani kuitaka ionyeshe pia mahali pa mitungi minane nje?

Kwa nyumba zilizopo, suluhisho liko karibu na halina utaalamu wa ajabu. Mafundi wa kuchomea vyuma wapo karibu kila mtaa. Kizimba cha nondo kinachofungwa na kufuli, kilichoegemezwa ukuta wa nje uani, kikiwa na kipaa cha bati juu na pande zote wazi hadi chini, kinazuia mwizi na kinaruhusu gesi kutawanyika. Mwenye nyumba akikijenga kwa ajili ya wapangaji wote, gharama yake kwa kila mtungi si kubwa. Akikataa, wapangaji wanaweza kuchangishana. Serikali ya mtaa iwe ndiyo msukumo, kwa sababu moto ukianzia chumba kimoja hauchagui.

Ya kufanya leo

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye mtungi anaweza kuanza na machache. Apikie uani au barazani inapowezekana. Akipikia ndani, mlango uwe wazi hadi chini na jiko la mkaa lisiwe chumba hichohicho. Akimaliza, afunge vali ya mtungi wenyewe, si kitasa cha jiko peke yake, na autoe mtungi nje ya chumba cha kulala. Ikiwa hana pa kuuweka ila ukumbini, heri ukumbini penye mlango wa uani kuliko chini ya kitanda.

Mtungi usimame wima, mahali pakavu, pasipopigwa na jua la mchana na pasipo shimo wala mfereji karibu. Mpira na regyuleta, kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi, vikaguliwe kila mtungi unapobadilishwa. Njia ya kupima kama unavuja ni povu la sabuni: likipakwa kwenye maungio na kuanza kutoa mapovu, kuna tatizo. Kupima kwa kiberiti ni kujitafutia kifo.

Harufu ikisikika, asiguswe swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima. Vali ifungwe, milango ifunguliwe, moto wote wa jirani uzimwe, watu watoke nje, na simu ipigwe wakiwa mbali na nyumba. Namba ya dharura ya Zimamoto ni 114 na haina malipo. Kila mtoto anayeweza kushika simu anapaswa kuijua, hasa katika mitaa ya Ujiji na Mwanga ambako vichochoro ni vyembamba na gari la zimamoto haliwezi kufika kila mlango.

Lakini itakuwa ni makosa kumwachia mwananchi mzigo wote. Taifa ndilo lililomhimiza auache mkaa, na limefanya vizuri. Miaka tisa tu imebaki kutoka mwaka 2025 hadi mwaka 2034 mkakati utakapofikia ukomo, na kila mwaka utaongeza maelfu ya mitungi katika vyumba vilevile vya futi 10 kwa 10. REA, EWURA, Zimamoto na halmashauri wana muda wa kukubaliana juu ya jambo hili kabla halijawalazimisha kukutana katika mazingira ya msiba.

Hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa katika hafla ijayo ya ugawaji wa mitungi. Kabla ya picha kupigwa, kila anayepokea aulizwe: leo usiku utauweka wapi? Asiye na jibu asinyimwe mtungi. Asaidiwe kupata jibu.